Kapteni wa Kitabu cha Nne

Kabla sijatimiza miaka kumi na saba nilikuwa nimeshaposwa na wanajeshi chungu nzima, wote wa vitabuni. Vilikuwa vitabu vya Kiingereza, vyembamba, karatasi zake za kahawia kama za kufungia sukari, na kila kimoja kina nambari mgongoni. Askari wote walikuwa wa kikosi kimoja. Kila kitabu kina askari wake na msichana wake, na yule aliyeoa katika kitabu cha pili unamkuta katika cha tano amebeba mtoto, anamshauri mwenzake. Nikiwaona hivyo nafurahi kama nimekutana na jamaa zangu. Nilivipata sokoni Gikomba, kwa mzee aliyetandika vitabu vikuukuu juu ya gunia. Unampelekea viwili, anakupa kimoja.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, na kikiniishia nabuni yangu. Lakini Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, hakuwa na hata hicho. Yeye na nyanya ndio walionilea, katika chumba chetu Majengo. Mumewe alikuwa mwanajeshi wa kweli. Alikuja kila mwisho wa mwezi, buti zinang'aa, akacheka na kila mtu uani, kisha akarudi kambini. Akishaondoka, jioni Mama mdogo husema, "Haya, lete wanaume zako." Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo, nawatolea Kiswahili kwa sauti, yeye anakaanga mahamri ya kuuza, na nyanya anajifanya hasikii.

"Kapteni akamshika mkono, akambusu..."

"Posa imeshakwenda?" nyanya anauliza.

"Bado, Nyanya."

"Astaghfirullahi!" Halafu ananitupia jicho. "Wewe, mbona umenyamaza? Endelea."

Theluji niliiita vumbi la baridi. Chakula chao sikukielewa, basi kikosi kizima nikakilisha maharagwe.

Ikaja Jumapili ile ya Agosti, wanajeshi walipoasi. Tulilala sakafuni chini ya kitanda, risasi zikilia kama mahindi kwenye kikaango, Mama mdogo akirudia jina la mumewe mpaka nyanya akamziba mdomo. Milio ilipokoma alikwenda kambini, akaambiwa asubiri. Alikwenda chumba cha maiti, akaangalia uso baada ya uso, akarudi akanawa mikono kwa muda mrefu. Hakuwemo miongoni mwa waliokufa. Hakuwemo miongoni mwa waliofungwa, angalau hakuna aliyekubali kuwa yumo.

Wiki zilipozidi kwenda, nyanya akasema, "Binti yangu, kaa eda."

"Eda ya mtu aliye hai, Mama? Si nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu?"

Hapo ndipo alipokishika kitabu cha nne. Ndani yake kapteni anapotea vitani. Wenzake wanamlilia, mkewe anakataa kulia, na mwishowe usiku wa mvua mlango unabishwa, naye huyo, na ndevu zake. "Nisomee tena," Mama mdogo alisema. Nikasoma tena. Nilikisoma mpaka nyuzi zikaachia. Ningesema nilisoma kwa kumhurumia, lakini kweli ni kwamba hata mimi niliamini. Kila nilipofika pale mlangoni, nilitega sikio langu kwa mlango wetu.

Kila Ijumaa alipaka hina, akafukiza udi, akavaa kanga ile aliyoletewa na mumewe. Wanawake mferejini hawakumwacha.

"Hina ya nani hiyo, mwenzetu? Bwana amerudi kwa mlango wa uani?"

"Ya mume wangu. Wewe wako unalala naye kila siku, na miguu yako imejaa magaga."

Walicheka, naye akacheka. Kisha akaja nyumbani akaketi na ndoo ya maji mapajani, hakuiweka chini.

Nyanya akinipata peke yangu ananiambia, "Wewe na makaratasi yako. Unamlisha mtoto wangu upepo."

Mvua za vuli zilikuja zikaisha. Jua la Januari lilikuwa kali siku aliyokuja mwanamume mmoja aliyekonda, amevaa shati la kiraia lililompwaya. Alikuwa rafiki wa mumewe kambini, ametoka kufunguliwa gerezani. Alikataa kiti.

"Shemeji," alisema, "ndugu yangu alikufa Jumapili ileile, asubuhi. Nilikuwa kando yake. Ni mimi niliyemfumba macho."

"Alisema nini?"

"Hakupata nafasi, shemeji."

Mama mdogo hakulia. Nyanya alivuta kitambaa cheupe cha eda kutoka chini ya godoro, alichokinunua Agosti akakificha, akamwita mwalimu wa madrasa aje awaeleze namna ya kuingia eda. Mwalimu aliuliza siku ya kifo. Akahesabu kwa viungo vya vidole, akafika mwisho, akahesabu upya.

"Eda huanza siku ya kufa," alisema taratibu, "si siku ya kupata habari. Miezi minne na siku kumi imeshapita. Hana eda ya kukaa."

Nyanya alibaki na kitambaa mikononi. Mama mdogo alitazama vidole vyake. Hina ya Ijumaa ilikuwa bado nyekundu.

"Kwa hivyo imekwisha?"

"Imekwisha, binti yangu."

"Ilikwisha nikijipamba."

Nyanya, aliyekuwa na haki ya kusema neno kuliko sote, alikunja kitambaa, akakirudisha chini ya godoro.

Kesho yake Mama mdogo alikwenda mferejini kama kawaida, maana hakuwa na eda ya kumzuia. Wanawake walimpisha ateke kwanza. Mimi nilivisukuma vitabu vyangu nyuma ya gunia la unga, nikaapa sivigusi tena. Jioni, unga wa mahamri ukiwa umeumuka, akaniuliza, "Viko wapi?"

"Nimeviweka, Mama mdogo."

"Lete cha nne."

Nikasoma. Nilipokaribia ile mvua, nikashusha kitabu. "Hapa karatasi zimetoka," nikasema.

"Hazijatoka. Soma."

"Mama mdogo, tafadhali..."

"Mwache arudi, mwanangu. Yeye ana kosa gani?"

Nyanya alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Hakuuliza habari za posa. Mafuta yalikuwa yanachemka. Nikageuza karatasi, mlango ukabishwa, nikamfungulia kapteni, akaingia.