Kitabu Ndani ya Sanda

Mama aliletewa sanda yake kutoka Karbala na jirani aliyekwenda ziara, ikakaa miaka kabatini kwetu ughaibuni, North York, imefungwa kwa shuka. Nilipokuwa nasomea upigaji picha chuoni, miaka ya tisini, sikuona mahali pengine salama pa kuficha kitabu changu. Nani hufungua sanda kabla ya siku yake?

Kilikuwa kitabu cha picha za uchi za Kijapani, za miaka ya sitini. Wapiga picha wale walichoshwa na mrembo aliyelazwa kitandani akimtabasamia mtazamaji. Wao walipiga goti peke yake, mgongo uliojikunja, ngozi iliyojaa chembechembe nyeusi kama imepakwa masizi. Sura huzioni kabisa. Darasani nilikitetea kwa jazba. Nyumbani nilikuwa mwoga wa kutupwa, na tangu nikifiche sikuthubutu kukigusa tena. Mama alikuwa mwoshaji wa maiti za wanawake msikitini, na aliyoyaona huko hakuyasema nyumbani. Mtu wa dini kama yeye, nilijiambia, ataelewa nini? Kiburi changu hicho mpaka leo kinaniuma.

Alifariki ghafla, mwezi wa pili, theluji imejaa mlangoni. Nikawahi kabatini kutoa kitabu kabla wanawake wa msikitini hawajafuata sanda. Nilikikuta kimeviringishwa kwa upande wa kanga yake ya zamani. Ndani, kwenye picha ya mwanamke aliyejikunja na kumpa mtazamaji mgongo, palikuwa na kipande cha pamba kuonyesha ukurasa.

Mimi bintiye nilimwosha mama, nikisaidiana na mwenzake wa miaka mingi katika kazi ile, niliyezoea kumwita shangazi. Tulipomgeuza ubavu niliona mifupa ya mgongo wake, na kovu chini ya bega nisilolijua. Migongo ya wanawake wa Kijapani nilikuwa nimeikariri yote. Nililia mpaka kata ya maji ikaniponyoka.

"Shangazi, mama aliwahi kukwambia kuhusu kitabu changu?"

"Kitabu gani tena, mwanangu?" Akainama kuokota kata. "Alisema tu kuna kitu unataka kumwonyesha. Kila ukikaribia kurudi kutoka chuo alikuwa anazima TV, anakaa anakungoja."