Jioni Gaudiosa Alipokuwa Selo

Bartholomeo, ambaye baadhi yetu tulisoma naye kwa mapadre, alikuwa na mwaka wa nne Guangzhou, akinunua nguo za watoto za kupeleka Bukoba. Alikuwa mpole mno. Hata bei aliipinga baada ya kuomba radhi. Dada yake alimkabidhi binti yake, Gaudiosa, aliyepata ufadhili wa kusomea muziki mjini humo. Bartholomeo alijua kuwa mpwa wake anapiga fidla kubwa, ile ya kukumbatiwa kwa magoti. Jina jingine la chombo hicho hakuwahi kulisikia.

Mwaka 2006, akiwa katika maduka ya jumla ya Zhanqian, alipigiwa simu na Herieth, mwanafunzi aliyekaa na Gaudiosa chumba kimoja.

"Shikamoo, mjomba! Leo Gaudiosa ni selo!"

"Selo? Kwa kosa gani?"

"Kosa? Tangu asubuhi hajafanya hata moja! Anaingia saa moja jioni. Walimu wote watakuwepo."

"Na anatoka lini?"

"Dakika arobaini tu, mjomba. Njoo chuoni na pasipoti, mlangoni wanaidai."

Simu ikakatika. Bartholomeo aliuacha mzigo dukani, akanunua blanketi na mkate, akapanda teksi.

Askari wa mlangoni aliitazama pasipoti, akainama kwa adabu, akamwonyesha kiti cha mahameli nyekundu. Bartholomeo aliketi na blanketi lake mapajani, akijiuliza ni mahabusu gani haya.

Ndipo akamwona. Gaudiosa aliketi katikati ya watu themanini waliovaa nyeusi, na mtu mwenye kijiti amesimama karibu yake. Wote walipiga vyombo kwa kishindo. Yeye peke yake alitulia, macho chini, kama anayesomewa mashtaka. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akainua upinde, na sauti iliyotoka ilimfanya Bartholomeo amkumbuke marehemu mama yake, asijue kwa nini.

Lilikuwa konseto mashuhuri, muziki wa chombo kimoja mbele ya vingi, la Mcheki mmoja, aliyelitunga ugenini Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, na mabingwa wa selo, ndiyo hiyo fidla kubwa, hawajaacha kulipiga tangu hapo. Bartholomeo hakuwa na mtu wa kumweleza hayo.

Sehemu ya pili ilipokwisha, ukumbi mzima ulinyamaza. Bartholomeo alidhani hukumu imefika. Akasimama.

"Gaudiosa! Mjomba wako nipo!"

Watu wakageuka. Gaudiosa hakuinua uso, ila bega lake lililokuwa limekakamaa likashuka. Akaendelea hadi mwisho.

Baada ya makofi alimjia, akiburuta fidla yake.

"Mjomba, kumbe ni wewe! Ulidhani nimekosea?"

"Nilidhani wamekufunga, mama."

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Ukadhani nimefungwa, na bado ukaja peke yako?"

"Ningekuja na nani?"