Majina ya Buterere

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, kichwa kigumu, mdomo hauna breki, nilipovuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kuhubiri Bujumbura katikati ya vita. Nyumbani walisema nimerogwa. Nikawajibu nimeitwa, nikapanda meli.

Juma letu la misheni lilikuwa na ratiba. Jumatatu kufua. Jumanne hadi Alhamisi kutembelea watu Buterere, pembezoni mwa mji, nyumba kwa nyumba kwenye yale matope ya mashamba ya mpunga, ikiwa asubuhi hatukusikia risasi. Ijumaa tulipanda mtaa wa Kiriri kwa mkuu wetu kupeleka ripoti. Jumamosi kwaya, Jumapili ibada. Ripoti yenyewe ilikuwa na safu nne: jina, jina la baba, mlima wa kuzaliwa (kule kijiji huitwa mlima), hali ya kiroho. Fomu ilitoka makao makuu, nchi yenye amani, na mkuu naye alikuwa mgeni kama mimi. Wenzangu waliziacha zile safu za katikati wazi. Mimi? Thubutu! Nilizijaza zote kwenye daftari langu, kwa wino, na mkuu akanisifu mbele ya watu. Nikavimba kichwa.

Niliyetembea naye alikuwa dada mkimbizi kutoka Uvira, na yeye hakuandika kitu. Siku moja aliniambia, "Dada, wacha kuuliza watu mambo ya milima. Hapa si kwenu." Nikamwambia kazi ya Mungu haifanywi kivivu. Jibu hilo linanichoma mpaka leo.

Wa kwanza kwenye daftari alikuwa mama mjane, muuza mchele. Kila Jumanne alitukaribisha kwake na majirani wakaja. Alionja maji kwanza yeye, ndipo akanipa, maana ndiyo desturi yao, mgeni asiwe na wasiwasi wa sumu. Nilipomuuliza jina mara ya kwanza alitazama mlango, kisha akalitaja polepole. Majirani wake nao vivyo hivyo. Mmoja alilia. Kwenye safu ya hali ya kiroho nikaandika: ameguswa. Tangu hapo, kila Jumanne nilifunga maombi kwa kuyasoma majina yote kwa sauti, Bwana awalinde mmoja mmoja, nao waliinamisha vichwa kimya kabisa. Nilijiona nimefika.

Alhamisi moja, mchana kweupe, tukiwa tunarudi mjini, vijana walikuwa wameziba njia kwa magogo. Wengi wana fimbo, mmoja ana bunduki. Walimwaga mkoba wangu chini. Biblia wakanirudishia. Daftari wakalifungua, na yule mwenye bunduki akasoma akifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye safu ya milima, kidole kikasimama. Akaniangalia akicheka.

"Asante sana, Dada. Umetufanyia kazi yetu."

Mungu wangu! Tulipopita kizuizi mwenzangu alinishika mkono kwa nguvu hadi ukauma. "Ile ni liste, orodha," alisema. "We ujui hapa watu wanakuyaka na liste, wanaita majina, wanaua?" Jina la baba na mlima wa kuzaliwa vilitosha kumjulisha mtu wewe ni wa upande gani. Kumbe wenzangu wote walijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikijaza safu nipigiwe makofi.

Tulirudi mbio kwa kuzunguka kwenye mpunga, maji magotini, viatu vikabaki humo. Nilikuwa nikilia kwa sauti, sikuomba hata. Kichwani nilimwona yule mama amelala mlangoni pake, namna nilivyokwisha kuwaona wengine wamelala katika mji ule.

Alikuwa amechuchumaa uani, anaokota mchele wake kwenye matope. Vijana walikuwa wamekuja na gari, wamekwenda. Nikaanguka magotini mbele yake.

"Walikuya," alisema bila kuniangalia. "Waliuliza majina pale kwa bomba. Tuliwaambia ukweli. Bale wote walikufa."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto. Jina alilonipa lilikuwa la binti yake. Yule jirani aliyelia alinipa la mumewe. Kurasa zote tatu, mama yangu wee, hapakuwa na mtu hai hata mmoja! Vijana waliuliza bombani, kisha nyumba tano, kila mtu akaapa, na hakuna aliyeapa uongo. Wakakasirika, wakamwaga mchele, wakaondoka.

Na mimi, badala ya kushukuru, nikaropoka, "Mbona mlinidanganya, mama?"

"Mi nilijua we ni mutu gani? Ulikuwa unauliza tu, unaandika tu." Akapuliza punje alizoshika. "Bale hakuna mutu anaweza kuwaua tena."

Mwenzangu alikuwa amekwisha kuinama, anaokota naye. Nami nikaokota. Nilitamani yule mama anitukane, anipige hata kofi. Hakufanya hivyo.

"Nilikasirika siku ya kwanza," alisema baadaye. "Kisha ukayasoma kwa Mungu. Hakuna mutu alikuwa anayataja tena hapa, watu wanaogopa. Wengine hatukuwazika. Kila Jumanne nilikuwa nangoja ufike kwa jina ya mutoto yangu."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Daftari wameibeba. Aina neno. Utayasema kwa kichwa, apana?"

Nikafungua mdomo nianze na la binti yake, lililokuwa la kwanza kabisa. Halikuja.