Matofali Aliyoyanywesha Mama

Mimi nina mdomo, hilo kwetu linajulikana. Siku kaka yangu aliporudi kutoka mjini akiwa mifupa ndani ya koti, watu walilia. Mimi nilimwuliza alikuwa akingoja nini siku zote hizo. Alicheka, akakohoa, akaketi juu ya begi lake. Ugonjwa ulikuwa umeshalimaliza ini, na daktari alikuwa amemwambia aende nyumbani apumzike. Nyumbani akaja, lakini nyumba hakuwa nayo. Ile aliyoijenga ujanani ilishuka na udongo msimu mmoja wa mvua, ikaishia mtoni pamoja na migomba yake. Mke wake naye alikuwa ameshatangulia.

Asiyejua mambo yetu atauliza: si angelala kwa mama yake? Ng'o! Kwetu mwanamume aliyetahiriwa halali katika nyumba ya mama yake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima kati ya mzazi na mtoto, na haina likizo hata kwa mgonjwa. Basi kaka akalala kwenye kibanda cha kuwekea majani chai, juu ya magunia, na mama akawa anampelekea uji na kumwachia mlangoni. Tena kwetu mwanamume hutolewa katika nyumba yake mwenyewe akienda kuzikwa. Akifa bila nyumba, watu hukimbizana kumsimamishia kibanda huku maiti inangoja. Kaka alinieleza wazi: "Dada, mimi sitaki nyumba ya kukimbizana. Nataka nilale kwangu nikiwa bado najua kwamba nimelala."

Nikamwambia atalala. Nilisema hivyo kwa sababu kazi yangu ni matofali, na matofali yangu si ya kawaida. Ninayatengeneza Nyakoe, katika kiwanja kidogo nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi. Ninachanganya simiti, chokaa na mchanga laini, kisha ninatia unga kidogo wa alumini. Mchanganyiko unaanza kufura kwenye fremu kama unga wa mandazi, umejaa vitundu. Ukishika kidogo ninaukata kwa waya. Tofali likitoka hapo, mwanamke anabeba mawili kichwani na bado ana pumzi za kusengenya watu njiani.

Shamba letu liko upande wa Nyaramba, limening'inia mlimani. Pikapu inaishia juu barabarani. Udongo wenyewe umeshaonyesha unachofanya na nyumba nzito. Kwa hiyo wepesi tuliuhitaji, lakini zaidi ya wepesi tulihitaji muda, na muda hatukuwa nao. Tofali la simiti hukomaa polepole, wiki baada ya wiki. Langu ninalikomaza kwa hewa ukaa, ile inayotia soda mapovu, ambayo huja kwenye mitungi kama ya wachomeleaji vyuma. Ninayafungia matofali ndani ya hema la nailoni lililozibwa kila upande, ninafungulia mtungi, na hazipiti siku nyingi kabla hayajawa magumu. Sharti ni moja tu: kwanza yakauke kiasi. Vitundu vikijaa maji, hewa haipati pa kuingia.

Nilibeba vifaa vyangu hadi nyumbani. Ijumaa, kabla jua halijatua, tulikuwa tumeshakata kundi la kwanza na kulipanga chini ya turubai. Sisi ni watu wa Sabato, jua likizama mkono unawekwa chini. Nikarudi Nyakoe kwa familia yangu. Jumapili nikayakuta matofali yamekauka vizuri kwa nje, nikayaingiza hemani, nikafungulia gesi, nikawafukuza watoto na kuku maana hewa ile haina harufu na inaua.

Siku ya kulifungua hema niliacha lipitwe na upepo kwanza. Kisha nikavunja tofali moja katikati, nikalidondoshea ile dawa ya maabara ambayo kila aliyesoma sekondari ameiona. Kama hewa imeingia, dawa inabaki kama maji. Kama haikuingia, panageuka waridi. Ganda la nje lilibaki kijivu. Ndani kote pakageuka waridi, kama nyama mbichi. Nikavunja la pili, la tatu, hali ni ileile.

"Nani ametia maji hapa?" nikauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Hata hakuinua kichwa. "Mimi."

"Mama!"

"Kwani simiti hainywi maji? Baba yenu alipojenga nyumba hii, ni nani aliyepanda na mtungi kutoka mtoni asubuhi na jioni? Nyinyi mmeyaacha na kiu, mmeenda zenu. Hata siku ya Sabato ng'ombe hufunguliwa akanywe, sembuse nyumba ya mwanangu?"

Haki, nilikuwa na ya kumjibu. Gesi ilikuwa imekwisha, mvua ilikuwa inatanda, na kaka alikuwa amekataa hata uji tangu jana yake. Nilifungua mdomo. Ndipo kaka akaniita kutoka kibandani, sauti nyembamba.

"Mwache," akasema. "Wewe tengeneza mengine."

Nilienda nyuma ya migomba nikalia kwa hasira na kwa woga, nikanawa uso, nikaagiza mtungi mwingine wa gesi, nikatengeneza mengine.

Yale ya kwanza niliyarundika chini ya migomba na kumweleza mama kwamba hayafai. Yeye akaendelea kuyanywesha kila asubuhi, kwa kikombe cha bati. Nikamtania, "Mama, unanyonyesha mawe?" Akanijibu, "Shughulika na yako." Lakini haya mapya aliyalinda kuliko mimi. Mvua ya mawe ilipotukuta turubai likiwa limepasuka, alikimbia na blanketi la kitanda chake akayafunika, akabaki analowa yeye.

Safari hii dawa haikugeuka rangi. Wanawake wa kanisa walijipanga mteremkoni wakabeba, wakicheka, "Hili ni tofali au mkate?" Fundi tuliyemwita ajenge naye alikuwa na wasiwasi. Aliweka moja chini akalirukia mara kadhaa kwa buti, kisha akachukua mwiko. Chumba na sebule vilisimama, mabati yakapanda.

Wanaume wawili walimbeba kaka na hawakuhema hata kidogo. Mlangoni aliomba wamshushe, akaingia kwa miguu yake, akauwekea ukuta kiganja.

"Hakuna baridi humu," akasema. Usiku wa kwetu una baridi, na magunia ya chai hayajawahi kumpa mtu joto.

Mama hakuingia. Chinsoni ilikuwa palepale. Kila asubuhi alisimama nje ya dirisha na kuuliza, "Umelala vizuri?" Naye kaka anajibu, "Nimelala kwangu, Mama." Nilimsikia akijibu hivyo asubuhi nyingi kuliko nilivyotarajia, na nilimshukuru Mungu kwa kila moja.

Asubuhi moja mama aliuliza na hakujibiwa. Akauliza tena. Mimi ndiye niliyeingia.

Kaburi lilichimbwa mbele ya nyumba yake, lakini ardhi ilikuwa imelewa mvua, kila wakichimba kuta zinaporomoka. Fundi alisema lazima lijengewe ndani, la sivyo litajifukia kabla ya jeneza kushushwa. Matofali yangu yote yalikuwa ukutani. Mama alikuwa ameketi chini kati ya wanawake.

"Na yangu je?" akauliza.

Nilienda chini ya migomba. Nilichukua moja, nikaligonga kwa jiwe, likalia kwa sauti kavu. Nikaligonga tena kwa nguvu, halikuvunjika. Wanawake walewale wakayabeba, safari hii bila kucheka, na fundi akayapanga kutoka chini hadi juu. Yakatosha.

Kaka alitolewa katika mlango wake, kama alivyotaka, na hakukuwa na mwendo mrefu. Watu walipokwisha kuondoka mama alinishika mkono.

"Basi sikuyaharibu?"

"Hukuyaharibu, Mama," nikamwambia. "Yalihitaji muda tu."