Alienda na Binti, Akarudi na Mbegu

Mwezi wa saba uliopita nilirudi nyumbani, kijiji kidogo juu ya Kianjai, nikakuta msumeno wa petroli unalia shambani kwa babu. Unaujua ule mlio, rafiki yangu, unavyoingia mpaka kwenye meno. Babu tulikuwa tumeshamzika, shamba linagawanywa, na baba mdogo alikuwa anaangusha miti ya viazi vikuu ili apande parachichi. Nilisimama kwenye ukungu nikinusa utomvu, nikawatambua walioanguka: babu mwenyewe, baba yake, na babu yake.

Ngoja nikueleze, usije ukadhani nimerukwa na akili.

Kwetu kiazi kikuu hupandwa chini ya mti ulio hai, na mmea wake unautambalia mti huo mpaka matawini. Ukichimba, humalizi. Unakata kiazi, unakiacha kichwa, unakifukia tena. Kichwa hicho kinaweza kumwona mtu akizaliwa na kikamwona akizikwa. Mwana akikua, baba yake humkatia kipande cha mbegu kutoka kwenye mti wake, naye mwana anaenda kupanda chini ya mti wake mwenyewe, juu kidogo. Hivyo ukoo wetu ulisimama mstari mmoja, kutoka mtoni hadi nyumbani. Wengine wana picha ukutani. Sisi tulikuwa na miti.

Nilipokuwa mtoto, Jumamosi, baada ya kukata majani ya ng'ombe, nilitumwa kumsaidia babu kuchimba. Udongo mwekundu ulikuwa baridi kama chuma. Babu aliupiga kila mti kofi, kama mtu anayemsalimu rafiki, akisema: huyu alikuwa na fahali asiyemruhusu mtu mwingine amguse, huyu alikuwa mchoyo, ndiyo maana hata viazi vyake vina nyuzi. Tukirudi, nyanya alivipika kwa majani ya mgomba juu ya sufuria, tukavila na chai ya maziwa hadi matumbo yakavimba. Alikuwa akisema kiazi cha mchoyo hakiivi. Nikamuuliza kama si yale mawe yaliyojaa chini ya mti wake.

"Huyu mtoto," alisema nyanya, "ataiuliza hata chumvi kwa nini ina chumvi."

Lakini mstari haukuishia kwa yule mchoyo. Chini kabisa, karibu na mto, kulikuwa na mti mmoja zaidi. Babu hakuupiga kofi wala hakumtaja mwenye mti. Mmea wake ulikuwa mnene kama kamba ya kumfungia ng'ombe, na ardhi chini yake ilikuwa imefura.

"Huu ni wa nani?"

"Huo si wetu kuchimba. Twende."

Hadithi niliipata jikoni, kwa vipande. Wakati wa ile njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, watu walichemsha ngozi walizolalia. Yule mchoyo, ambaye ni babu wa baba yake babu, aliteremka upande wa Ruiri kwa watu ambao ukoo wetu ulikula nao kiapo cha undugu. Undugu huo tunauita gichiaro, na mpaka leo wazee wanauogopa kuliko polisi. Mtu wa gichiaro humnyimi kitu, humdanganyi, hamuoani, na jambo lake humuulizi.

"Alienda na binti, akarudi na mbegu," alisema nyanya, akaendelea kumenya. Binti yake aliachwa kule alelewe, chakula kikaja huku. Mti wa mwisho ni wa hiyo mbegu ya kwanza, kwa hiyo ni mali yao.

Na kweli, kila msimu wa ukungu alikuja mama mmoja na kiondo cha kusukwa begani, akipitia njia ya mtoni. Alichimba upande mmoja tu wa mti, akakata, akafukia kichwa, akaondoka. Nyanya alituita ndani. "Ni wa gichiaro huyo. Haulizwi." Mara moja nilitoroka nikamwendea. Nilitaka kuona uso wake, kwa sababu kwa mbali alisimama kama shangazi yangu, mguu mmoja umelegea.

"Wewe ni nani?"

Hakushtuka. Aliniita kwa jina langu, kisha akasema, "Mimi ni wa hapa."

Nilikuwa na maelezo hata wakati huo. Jina langu liliitwa kwa kelele kwenye mteremko ule kutwa nzima. Hata mbuzi walilijua. Kilichonisumbua ni kingine. Kwetu mtoto hubeba jina la aliyemtangulia, na mimi sikumjua yeyote, hai wala marehemu, aliyekuwa na langu. Nilimuuliza baba. Alisema babu ndiye aliyelichagua. Nilimuuliza babu, akaanza kuzungumzia mvua.

Chuo kikuu kilinipa ruhusa ya kuuliza bila kufukuzwa jikoni. Likizo moja nilikwenda Ruiri, nikawatafuta wale watu, nikapelekwa kwa bibi mmoja mzee aliyekuwa anaanika maharagwe kwenye gunia. Alinikaribisha vizuri sana, kama mjukuu. Nilipomuuliza habari za binti aliacha kuyatandaza.

"Binti gani, mjukuu wangu? Huyo wenu alikuja peke yake. Alitoka hapa na mbegu, hatukudai kitu. Ndugu wa kiapo unamdai?"

"Na yule mama mnayemtuma kuja kuchimba?"

"Sisi? Hatujawahi kutuma mtu. Mbegu ikitolewa imetolewa." Alifikiri. "Ila inasemwa alilala hapa, na usingizini alikuwa akiliita jina la mtoto."

Nikamuuliza jina gani. Alilitaja. Lilikuwa langu.

Nusu ya wasichana wa kwetu Tigania wanaitwa hivyo, najua. Nilijiambia hivyo njia yote ya kurudi. Pia niliona jinsi jambo lilivyokaa salama muda wote ule: kwa vile wa gichiaro haulizwi, hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kwenda kuuliza kama binti alifika.

Sasa rudi nami mwezi wa saba. Fundi wa msumeno alifika kwenye mti wa mchoyo, akauangusha, akautazama mti wa mwisho, akazima mashine.

"Mzee, petroli imeisha," akasema. Mtungi ulikuwa umejaa nusu.

Baba mdogo akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akanigeukia. "Si wewe msomi uliniambia sheria inampa hata msichana shamba? Basi chukua hapo chini. Wewe si huogopi?"

Nikasema nachukua. Kesho yake asubuhi niliteremka na jembe na kiondo, nia yangu ikiwa kuchimba mpaka chini kabisa, nijue moja kwa moja kama binti aliyetoka na baba yake aliwahi kuvuka mto. Nilichimba upande mmoja. Udongo ulikuwa laini, kama ulioguswa juzi. Nikafika kwenye kiazi, cheupe, kinene kama paja la mtoto, nikakaa nacho mikononi muda mrefu. Jembe halikutaka kwenda chini zaidi, au mimi ndiye niliyekataa. Hata leo sitofautishi. Nilikata, nikafukia kichwa, nikashindilia kwa viganja.

Huko juu hakuna tena mstari. Kuna mashimo ya parachichi na vumbi la mbao. Hakuna atakayempiga babu kofi begani kwenye mti wake, na vile viazi vyenye nyuzi sitavila tena. Katika ukoo mzima aliyebaki amesimama ni yule tu ambaye hatukuwahi kumtaja.

Nilipoinuka, mtoto alikuwa ananitazama kutoka kwenye ukungu, amevaa koti la mvua. Ni mjukuu wa baba mdogo, amezaliwa Nairobi, hatukuwa tumeonana.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Nilikuwa na jina, nilikuwa na maelezo. Lakini mguu wangu mmoja ulikuwa umelegea, kiondo begani, na mdomo ukajibu kabla yangu.

"Mimi ni wa hapa."