Siku Dani Alipozuia Ugali

Harufu ya njugu zinazong'olewa kwenye udongo wenye unyevu hunirudisha Rongo, msimu mmoja wa mavuno katikati ya miaka ya tisini, nikiwa msichana mdogo nikiishi kwa bibi yangu mzaa baba. Sote tulimwita Dani. Msimu ule alichoka hata kabla jua halijapanda, akavuna huku mkono wa kushoto ameubana ubavuni kama aliyeficha kitu. Na kweli kitu kilikuwepo, kwenye titi. Baba mkubwa, Okoth, alimpeleka hospitali huko Homa Bay. Daktari akazungumza na Okoth kwa Kiingereza, na walipokuwa wakirudi Dani akaambiwa ni jipu tu. Jipu! Mwanamke aliyezaa watoto tisa asilijue jipu? Lakini kwetu ugonjwa mkubwa ulijadiliwa na wanaume. Kazi ya mgonjwa ilikuwa kuugua.

Jumapili wanaume wa ukoo wakaja kuamua. Dani ndiye aliyewachinjia kuku na kuwasongea ugali, hao hao waliokuja kuamua habari za mwili wake. Tukiwa jikoni tuliwasikia wazi. Okoth alisema ni saratani, na daktari anataka kulikata titi kabla haijasambaa. Mwingine akadakia, "Mama yetu azikwe nusu? Haiwezekani!" Wakakubaliana: hakuna kukatwa, aendelee na manyasi, zile dawa chungu za kuchemsha.

Dani akaufunika ugali, akaketi mlangoni pa jiko. Wanaume wakanawa mikono, wakangoja hadi mikono ikakauka.

"Mama, chakula kimekwama wapi?" Okoth akaita.

"Hakijakwama. Kinangoja niulizwe."

"Uulizwe nini tena?"

"Mmeugawa mwili wangu huko ndani kama kuku, na mimi mwenyewe niko hapa na moshi."

Hakuna aliyethubutu kuondoka. Kutoka kwa Dani bila kula ilikuwa aibu ambayo ingefika hadi Magunga alikozaliwa. Mwishowe mzee Ogola, shemeji yake, akasema kwa sauti ya njaa, "Haya, Nyar Magunga, binti wa Magunga, utatuua. Wataka nini?"

"Titi hili liliwanyonyesha hao wanaolitetea. Limemaliza kazi yake. Mimi sijamaliza. Likatwe."

Wakala ugali uliopoa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Alikatwa, akapona, akavuna njugu misimu kadhaa, nami nikaota kwamba ataishi milele. Kisha ugonjwa ukarudi, safari hii mifupani. Okoth akamwambia daktari, "Mwulize mwenyewe, mimi nitatafsiri tu." Dani akauliza dawa itamfanyaje, kama atatapika, kama ataweza kushika jembe. Akasikiliza hadi mwisho. "Mshukuru daktari," akamwambia Okoth. "Mwambie nimechoka. Nataka kwenda nyumbani." Okoth, aliyetamani sana aikubali dawa, aliyatafsiri hayo neno kwa neno huku machozi yakimtoka.

Siku hizi mambo yamebadilika, ingawa si sana. Juzi nilimpeleka mama yangu hospitali mjini Migori kwa sababu ya uvimbe. Tulikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, miguu imekufa ganzi. Daktari, kijana mpole, akanitazama mimi na kuuliza tungependa matibabu gani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Mama akanifinya paja.

"Kwani mgonjwa ni nani hapa?"

Daktari akakigeuza kiti chake kumwelekea Mama, akaanza upya.