Klachi Iliyomkubali Mke Wangu

Yule fundi nilimchukia kabla hajafungua hata nati moja. Siku nilipolipeleka gari gerejini kwake, mtaa wa Sakina, alimsalimia mke wangu kwa Kimeru, na mke wangu akacheka. Kicheko kile mimi nyumbani nilikuwa nakipata sikukuu hadi sikukuu. Kumbe wametoka kijiji kimoja, huko Kikatiti, mashamba ya baba zao yanapakana. Mimi ni Mchaga wa Rombo. Kimeru nashika neno moja, la pili limeshanipita. Nikasimama pale na funguo mkononi, wao wanaulizana habari za nyumbani, mimi nimekenua meno kwa lazima.

Gari lilikuwa fahari yangu. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia, hata muuza misumari na rangi kama mimi akaweza kumiliki lake. Lilikuwa la oto. Udereva nilijifunzia humo humo: unaweka D, unakanyaga mafuta, unaondoka. Chini nilitandika zulia nene, kipande kilichobaki tulipoweka zulia sebuleni, na upande wa dereva nikalikunja mara mbili ili miguu istarehe. Mtu akitaka kupanda, anavua viatu mlangoni. Shemeji zangu walinicheka, lakini walivua.

Kisha giaboksi ikafa. Siku zile mjini Arusha ukitaja giaboksi ya oto mafundi walikuwa wanakuangalia kwa huruma tu. Spea hakuna, anayeijua hakuna. Yule fundi akasema tuing'oe, tufunge ya gia za mkono. Kuna gari la aina ile ile lilipinduka, giaboksi yake nzima, klachi yake ipo, pedali zipo. Nikakubali. Ningefanyaje? Shemeji yangu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara kule Kikatiti, na nilikuwa nimeshamtangazia baba mkwe kwamba tutafika na gari letu, mimi nikiendesha. Na baba mkwe si mtu wa kuahidiwa ovyo. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori la kahawa, na ndiye aliyemfundisha mke wangu gia kwenye lori hilo hilo, kabla sijamjua.

Kazi ilipokwisha, fundi akauliza nani hapa anajua gia. "Mimi," akasema mke wangu, haraka kweli kweli. Wakaondoka wawili, wakaenda hadi Ngaramtoni na kurudi. Gari lilirudi kimya, gia zinaingia bila hata kunong'ona. Zamu yangu ikafika. Nikavua viatu, nikatandika zulia langu vizuri, nikakaa, nikakanyaga klachi hadi mwisho, nikavuta gia ya kwanza. Kraaa! Watu wa vibanda vya pembeni wakageuka wote.

Fundi akasema itakuwa kuna hewa kwenye paipu ya klachi. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali, mwingine chini ya gari. Nani akae kwenye pedali? Mke wangu, bila shaka. Mimi nikapewa stuli. Yule jamaa amelala chini, miguu tu inaonekana, anasema kwa Kimeru, kanyaga, shikilia, achia. Mke wangu anajibu kwa Kimeru. Kanyaga, shikilia, achia. Jamani, kwani Kiswahili kilikuwa na kosa gani?

Hewa ikaisha. Mke wangu akalijaribu, safi. Mimi nikalichukua, kraaa. Fundi akabadilisha mipira ya silinda ya klachi. Kwa mke wangu safi, kwangu kraaa. Akarekebisha fimbo ya pedali. Hivyo hivyo. Mwisho akaishusha giaboksi yote, aone kama pleti ya klachi aliifunga kinyume. Hakuifunga kinyume. Na kila mara wale wawili walikwenda hadi Ngaramtoni kujaribu, na kila mara mke wangu alirudi uso umemng'aa, anaongea hadi tunafika nyumbani. Kuhusu nini? Kuhusu gia ya tatu! Mwanamke ambaye habari za duka langu zilikuwa zinampigisha miayo.

Wivu ulinikaba, sikufichi. Nilianza kuangalia mashati ya yule fundi. Nilimnusa mke wangu, nikapata harufu ya grisi, nikakosa usingizi kwa ajili ya grisi. Nilijiona namkosa hivi hivi, kwa mkono wangu mwenyewe, maana mimi ndiye ninayempeleka pale.

Siku moja fundi akanivuta pembeni. "Kaka, usinielewe vibaya. Gari ni zima. Labda ni mguu."

"Mguu wangu una nini?"

"Haukanyagi hadi mwisho. Lakini usijali. Hiyo Jumapili ya kipaimara na mimi naenda nyumbani. Naweza kuwaendesha. Au shemeji aendeshe, mimi nikae pembeni yake, wewe upumzike nyuma."

Nipumzike nyuma! Niteremke mbele ya baba mkwe nikitokea kiti cha nyuma, na huyu bwana mbele na mke wangu! Nilimwambia asante, kwa sauti iliyomfanya mbwa wa pale gerejini asimame. Kisha nikasema safari hii ya Ngaramtoni na mimi nakwenda.

Nikapanda nyuma. Fundi, kabla mke wangu hajaingia, akainama, akalikunja zulia langu taratibu, akanipakatisha. "Lishikilie, kaka. Huwa naliweka hapo nyuma lisishike oili, halafu nakurudishia." Kwa hiyo nilikwenda Ngaramtoni nimepakata zulia, nikitazama visogo viwili. Sikuona kitu cha kuwashika nacho. Fundi alikuwa anasikiliza injini. Mke wangu alikuwa anaendesha, basi, mgongo umenyooka, na kwenye mlima alishusha gia bila hata kutazama mkono wake. Nilimtamani kama mke wa mtu.

Tuliporudi nikatandika zulia langu, nikakaa, nikakanyaga. Kraaa.

Fundi akafungua mlango, akatazama mguu wangu. Akaingiza mkono chini ya pedali. "Kaka," akasema, "wewe huwa unaendesha na hili?"

Akalivuta zulia. Nikakanyaga tena, na pedali ikashuka hadi mahali ambapo kwangu haikuwahi kufika. Gia ya kwanza ikaingia kimya. Ya pili. Ya nyuma. Wiki zote zile klachi ilikuwa inagota kwenye zulia langu, na yule fundi kwa heshima zake hakuwahi kujaribu gari likiwa nalo! Alicheka hadi akakaa chini. Mafundi wenzake wakaja wakacheka, na mimi nikacheka, nikampa mkono kwa mara ya kwanza bila kuuma meno. Mke wangu peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anapangusa vidole vyake na kitambaa, kimoja kimoja.

Nyumbani nilikuwa napiga mluzi. Nikamwambia, "Jumapili utakaa kama malkia, nitaendesha hadi mlangoni kwa baba." Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Habari ya zulia niliijua tangu wiki ile ya kwanza," akasema.

"Unasemaje?"

"Niliona mguu wako unagota."

"Ukaniacha niumbuke Sakina nzima! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningeendesha lini?"

Nikamuuliza, na fundi je? Akaniangalia kama vile nimemtajia mtu asiyemfahamu. "Fundi yupi?" Kisha akakumbuka, akasema, "Ah, yule," akarudi kwenye ndizi zake. Nilitegemea nitapata nafuu. Wapi! Mtu ningeweza kumfukuza; hamu ya usukani ningeifukuzia wapi?

Jumapili niliendesha mimi; gia nilikuwa nimezizoea kwa kuzunguka mtaani jioni. Usukani sikumpa, na yeye hakuuomba. Alikaa kushoto kwangu na gauni lake la kanisani, mkoba mapajani, anaangalia mbele. Gari lilikwenda vizuri, tukapita Tengeru, tukapita Usa River, na hapo ndipo nilipotupa jicho chini. Kila nilipokanyaga klachi, mguu wake wa kushoto ulikanyaga sakafu. Nikapunguza mwendo makusudi, nikapanga gia tena. Ukakanyaga tena. Njia nzima hadi kwa baba yake, na kila mara ulinitangulia.